Mama Aliyelazwa Lakini Haumwi



Leo nataka tumzungumzie mama ambaye nadhani unamfahamu. Kama si dada yako, ni wifi yako, au ni jirani wa nyumba ya pili. Ni mjamzito, na amelazwa hospitali. Lakini ukienda kumtazama huoni anachoumwa. Anakula, anacheka, anapokea simu. Uchungu hana, na tarehe zake bado miezi miwili. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, yuko palepale. Huko nyumbani maswali yanaanza. Amejifungua? Bado. Ana hali mbaya? Hapana. Sasa amelazwa ya nini?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Nimefanya kazi ya ukunga mpaka nikastaafu, na swali hilo nimelisikia kwa waume, kwa mama wakwe, kwa mashangazi, na wakati mwingine kwa mama mwenyewe, akiwa ameshafunga kanga zake kwenye mfuko anasubiri kusaini aondoke. Amelazwa ya nini, wakati haumwi?

Tuanze basi na sababu, halafu tuingie wodini tuone siku yake inavyokwenda.

Wapo waliolazwa kwa sababu ya presha ya ujauzito, ile inayoweza kuzaa kifafa cha mimba. Presha hii ina ujanja. Inaweza kupanda na mama asihisi lolote mpaka siku kichwa kinamgonga, macho yanaona nyota, au anashikwa na maumivu chini ya mbavu. Wapo ambao kondo la nyuma limejishikiza chini, limeziba njia ya mtoto. Huyu ndiye anayewachanganya watu kuliko wote. Ana nguvu zake, hana maumivu hata kidogo, na usiku mmoja anaamka kitanda kimelowa damu. Wapo ambao chupa imepasuka kabla ya wakati, maji yanatoka kidogo kidogo na mtoto bado mchanga mno. Wapo wenye mapacha waliopata matatizo, wapo wenye kisukari. Na wapo ambao mlango wa kizazi unalegea mapema, ukashonwa kwa uzi ili ubebe mzigo mpaka wakati wake. Mshono huo, nikuambie tu pembeni, aliueleza daktari mmoja wa Bombay aitwaye Shirodkar, mwaka 1955, na mpaka leo unaokoa mimba.

Umeona? Wote hao ukiwasalimia mchana watakujibu "salama". Na hawasemi uongo. Hatari yao haipo kwenye sura, haipo kwenye kikohozi wala homa. Imekaa kimya, na ikitoka inatoka kwa kasi. Yule mwenye kondo lililoziba njia, damu ikianza anahitaji chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi, na chupa za damu ya kundi lake, tena sasa hivi. Fikiria yuko kijijini, saa nane za usiku, mvua imenyesha, bodaboda hapatikani, na hospitali yenye upasuaji iko wilayani. Ndiyo maana daktari alisema, "Huyu alale hapa."

Tunapomwajiri mlinzi wa usiku, asubuhi tukakuta mwizi hakuja, hatumwambii kwamba amekaa bure tukamnyima mshahara wake. Basi na siku za huyu mama ni hivyo hivyo. Siku iliyopita bila tukio ndiyo siku iliyofanikiwa.

Sasa twende wodini.

Siku huanza mapema, saa kumi na moja alfajiri, saa nyingine kabla ya hapo. Sista anapita na mashine ya presha. Taa zinawashwa, na aliyepata usingizi saa tisa anaamshwa. Presha inapimwa, joto linapimwa, mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa. Utasikia kila kitanda wanauliza, "Sista, imesoma ngapi?" Kina mama hawa, hata aliyeishia darasa la saba, ndani ya wiki moja wanazijua namba zao kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. 140 kwa 90, uso unakunjamana. 120 kwa 80, anageuka kumtazama jirani yake anacheka.

Wana hesabu nyingine pia. Pale wodini watu hawaulizani wewe kabila gani au unafanya kazi wapi. Wanaulizana wiki. "Wewe ya ngapi?" "Thelathini na moja. Na wewe?" "Ishirini na nane." Na yule wa ishirini na nane anamtazama mwenzake kwa wivu, kama anamtazama mtu aliyejenga ghorofa. Nimewahi kuona mama akinunuliwa soda na wenzake siku aliyotimiza wiki 34. Sherehe nzima, soda moja na biskuti, watu sita. Wageni waliopita wakadhani ni siku yake ya kuzaliwa.

Baada ya kuoga na uji inakuja raundi ya madaktari. Hapa nitasema kidogo na wenzangu wa taaluma, mnivumilie. Raundi inafika kitandani, watu wanane, wamesimama miguuni kwa mama. Wanazungumza wao kwa wao, nusu Kiingereza, faili linafunguliwa, linafungwa, kisha anaambiwa, "Mama, tunaendelea kukuangalia." Wanahamia kitanda kinachofuata. Kesho yake, "Mama, tunaendelea kukuangalia." Keshokutwa, hivyo hivyo. Jamani, wanangu, huyu ni mtu mzima. Ameacha watoto, ameacha biashara, analala hapo usiku na mchana kwa neno lenu. Mwambieni anaangaliwa nini. Mwambieni mnangoja nini kitokee, au nini kisitokee, na mnatarajia kufika wiki ya ngapi. Dakika mbili tu. Mama aliyeelezwa habebi mfuko wake kutoroka. Na nawaambia kwa uhakika, wengi niliowaona wakisaini kuondoka hawakuwa wakaidi. Hawakuwa wameelezwa.

Nawe mama unayenisikiliza ukiwa kitandani na spika za simu masikioni, uliza. Kuuliza si kumkosea daktari adabu. Na kama raundi inakutisha, muulize sista wa zamu mchana kukiwa kumetulia.

Halafu inakuja ile sehemu ya siku ambayo hakuna anayeisimulia. Kati ya chakula cha mchana na saa ya kuona wagonjwa. Joto, feni inazunguka taratibu, godoro limeshika moto. Hapo ndipo mawazo yanapoingia. Mtoto wa miaka minne aliyeachwa kwa bibi, ataoga? Kikoba cha Alhamisi, nani atanilipia? Wapo waliokuwa wanauza chakula, wale tunaowaita mama ntilie, na wiki tatu zikipita wateja wamehamia kwa mwingine. Hilo ni pigo la kweli, na hakuna daktari anayeliandika kwenye faili.

Kina mama wanatafuta njia za kuua muda. Wanasukana nywele. Wanafuma vikofia vya watoto. Wanagombea tundu la umeme la kuchajia simu, na ugomvi huo una sheria zake, asiyezijua atazijua. Wanasali, huyu kwa rozari, yule kwa tasbihi, na jioni wanaombeana bila kuulizana. Na wanahesabu mtoto anavyocheza tumboni. Akitulia kuliko kawaida yake, mwite sista hapo hapo, usiseme nitangoja kesho. Narudia: akitulia kuliko kawaida yake, usingoje.

Na usiku mwingine kitanda cha jirani kinaondolewa mbio kupelekwa chumba cha upasuaji, na asubuhi habari zinazokuja si nzuri. Wodi nzima inanyamaza. Siku hiyo wauguzi wazoefu hupima presha mara mbili, kwa sababu zinapanda zote.

Sasa niulize swali ambalo huenda litawashangaza. Je, kulala kwenyewe ndiko kunakomsaidia?

Zamani tuliamini hivyo. Mama mwenye mimba ya hatari alale, asiinuke, ale kitandani, ajisaidie kitandani. Sisi wakunga tulifundishwa hivyo na tukawafundisha wengine hivyo. Kisha watu wakaanza kupima imani hiyo, na mojawapo ya majaribio muhimu lilifanyika hapa hapa Afrika, Harare, Zimbabwe. Walichukua kina mama wenye mapacha, wakawagawa kwa kura, hawa walazwe wapumzike, hawa waendelee na maisha yao nyumbani. Matokeo yakachapishwa mwaka 1985. Waliolazwa hawakubeba mimba muda mrefu zaidi. Waliojifungua kabla ya wakati walikuwa wengi zaidi kwao kuliko kwa waliobaki nyumbani! Tafiti nyingine zilizofuata hazikuonyesha kwamba kulala tuli kunazuia mtoto kuzaliwa mapema. Kinyume chake, mtu akilala wiki nyingi misuli inanyong'onyea, mifupa inapungua nguvu, na damu inaweza kuganda kwenye miguu, jambo ambalo linaua.

Ngoja, msikilizaji, usiondoke na nusu ya maneno yangu ukamwambie wifi yako arudi nyumbani. Sikusema kulazwa hakufai. Nimesema godoro si dawa. Kinachomlinda mama mwenye kondo lililoziba njia ni kuwa karibu na chumba cha upasuaji na damu. Kinachomlinda mwenye presha ni ile mashine inayopita alfajiri, na mtu anayejua la kufanya namba zikipanda. Kwa hiyo mama anaweza kuwa amelazwa na bado akaruhusiwa kuinuka, akaenda chooni mwenyewe, akatembea ukumbini na kukaa kwenye benchi nje apigwe na upepo. Muulize daktari wake ameruhusiwa kiasi gani. Akiwa ameruhusiwa, mwache atembee, na wewe mama mkwe usimkemee, "Rudi kitandani, unataka kutuulia mtoto?" Na yule aliyeambiwa asiinuke kabisa, basi akunje na kukunjua miguu yake pale pale, azungushe vifundo, anywe maji.

Kuna faida nyingine ya kuwa pale, na hii naipenda kuisimulia. Mtoto akizaliwa mapema sana, kinachomshinda kwanza ni kupumua, maana mapafu hayajakomaa. Huko New Zealand daktari mmoja, Graham Liggins, alikuwa akichunguza kondoo. Akaona wanakondoo waliozaliwa mapema mno, baada ya kupewa dawa fulani, wanapumua wakati hawakutarajiwa kuweza. Yeye na mwenzake Ross Howie wakaijaribu kwa kina mama walio katika hatari ya kujifungua mapema, wakatoa habari mwaka 1972. Ndizo hizo tunazoziita sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa sindano hizo uliofanywa katika nchi tano, Kenya ikiwemo, na utafiti wenyewe ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu faida ilikuwa dhahiri.

Lakini sindano hizo hazifanyi kazi papo hapo. Zinataka siku moja au mbili. Aliye wodini anazipata kwa wakati. Anayekimbizwa kutoka nyumbani mtoto akiwa mlangoni, tunamchoma nini? Muda umekwisha. Na mwenye presha kali ana dawa yake, magnesiamu, ambayo utafiti mkubwa wa mwaka 2002 uliohusisha nchi 33 ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa nusu na zaidi. Dawa ya bei nafuu kabisa. Inataka mtu awe mahali ilipo.

Sasa nigeukie nyumbani, maana kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Baba, nakuomba tuelewane. Mkeo hayuko mapumzikoni. Nimesikia mwanaume mmoja akiwaambia wenzake getini, "Mwenzangu analishwa, analala, mimi ndiye ninayehangaika na watoto." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Huyo unayemsema analala, hajalala. Kila akijigeuza anajikagua kama damu imetoka.

Na lawama. Atasikia kwamba alibeba ndoo nzito. Atasikia alipanda bodaboda. Atasikia amelogwa, au kwamba kwa ukoo wao ndivyo walivyo. Kondo la nyuma halikujishikiza chini kwa sababu ya ndoo, na presha haikupanda kwa sababu hakumsalimia shangazi. Tuyaache hayo maneno mlangoni. Mama akianza kujilaumu hali chakula, na wewe uliyemlaumu umeongeza kazi ya wauguzi.

Mkienda kumwona, wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu muulize. Huyu ana hamu zake, tena ana masharti yake. Mwenye kisukari anapelekewa soda tatu na shangazi mwenye upendo! Walio wengi wanateswa na choo kigumu, kwa sababu ya vidonge vya kuongeza damu na kukaa sana. Papai bivu litamfaa kuliko chipsi. Mpelekee kanga safi, sabuni, salio la simu. Mtoto wake mdogo haruhusiwi kuingia wodini, basi mpigie ile simu ya video amwone, hata kama atalia. Na usimpelekee, narudia, usimpelekee mitishamba kwenye chupa ya chai ili "mambo yaende haraka". Dawa hizo zinaweza kubana kizazi kwa nguvu kikapasuka, na sista hajui umempa nini.

Kwa walioajiriwa, kuna jambo wengi hawalijui. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miaka mitatu, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Kwa hiyo wiki hizo za kulazwa hazilazimiki kula zile siku 84 za uzazi, au 100 kwa mwenye mapacha. Ombeni cheti mapema, mpeleke ofisini, mbaki na nakala. Na mapema mwaka 2025 sheria ilirekebishwa, mama aliyejifungua mtoto njiti akaongezewa muda mpaka wiki 40 za mimba zitimie. Ni hatua nzuri. Mama ntilie wangu, sheria hiyo haikugusi, na hilo ni upungufu wetu kama taifa. Mpaka litakapotengenezwa, kikoba chenu ndicho ofisi yenu. Kaeni sasa, kabla hajalazwa mtu, mkubaliane kwamba mwenzenu akilazwa na mimba marejesho yake yanasimama bila faini.

Na kama familia imefika mahali imechoka, fedha zimekwisha, mnaona arudi tu, msisaini kimya kimya. Mfuateni daktari, mwambieni ukweli: tumeshindwa hapa na hapa. Pengine yupo ndugu anayekaa karibu na hospitali, akafikie huko aje kupimwa kwa siku atakazopangiwa. Pengine kuna ofisa ustawi wa jamii hapo hospitalini ambaye hamkujua kama yupo. Wakati mwingine daktari mwenyewe ataona inawezekana arudi nyumbani kwa masharti. Mimi nimewaona waliokaa mezani wakapata njia. Na nimewaona walioondoka alfajiri na kurudishwa jioni.

Muda wangu unaishia, mtangazaji ananionyesha vidole. Nimalizie na ombi.

Nimetaja damu mara nyingi leo. Mama aliyelazwa na kondo lililoziba njia amekaa karibu na damu, lakini damu hiyo haitengenezwi kiwandani. Kama una miaka 18 mpaka 65, kilo zako hazipungui 50, na afya yako ni njema, nenda kituo cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, au hospitali ya mkoa wako, uchangie. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Usingoje alazwe wa kwako. Nenda wiki hii, na ukienda, mchukue na yule jirani anayeuliza amelazwa ya nini.

Mimi naishia hapo. Kwaherini, nanyi mnaongoja wiki zitimie, Mungu awatimizie.